Ngoma ya Mashine Juu ya Dungu

Zile ngoma za mashine za muziki wa miaka ya themanini, hapa Kibiti naziunda mimi tu, na sikumaliza hata darasa la nne. Jana nilishika debe la mafuta ya taa nirekodi mlio wake, harufu ikanirudisha utotoni Mbuchi, juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia mpunga usiliwe na ndege. Dada yangu alikuwa akigonga debe kama mashine ya redioni, pigo sawasawa, halikosei. Ndege wakalizoea, wakatua kwenye chakula chetu cha mwaka mzima.

"We mwana we, piga ovyo! Watatumaliza!" mama alifoka shambani.

"Mama, sikiliza kwanza!" dada akajibu, akiendelea kugonga.

Mama akapanda na fimbo. Akasikiliza. Akaiweka fimbo chini.

"Haya, piga tena," akasema, akiwatazama ndege wakila.