Mgomba Tuliouzika Chimala

Dada yangu alinipigia simu nikiwa nyumbani Mlandege. Wazee wa ukoo wa mumewe walikuwa wameitisha kikao Jumamosi, na alinitaka nifike Chimala kabla hawajakaa.

"Kaka, umefundisha historia maisha yako yote. Njoo uwaeleze kwamba vita vinaisha."

Mwanawe alikwenda Urusi kusoma uhandisi. Masomo yalipokwama akasaini mkataba wa jeshi, akapelekwa kupigana Ukraine. Ujumbe wake wa mwisho uliingia wakati dada anapandikiza mpunga: wale aliofika nao wamebaki wachache, na sasa wanasogezwa mbele. Mpunga ukakua, ukatoa masuke, simu yake haikupatikana tena. Hakuna aliyetuambia amekufa, wala aliyetuambia yu hai.

Shemeji ni Mnyakyusa aliyehamia Chimala kwa ajili ya mpunga. Katika ukoo wao, mtu akipotelea mbali na mwili wake usionekane, wazee hukata shina la mgomba, hulivika sanda na kulizika badala yake. Watu hulia, tanga huanuliwa, na hakuna anayemngoja tena. Hilo ndilo lililoitishiwa kikao. Dada alitaka wasubiri mpaka vita viishe.

Tulikaa kwenye mikeka sebuleni. Msemaji alikuwa kaka mkubwa wa shemeji.

"Karibu, Mwalimu. Ila utufundishe taratibu, wengine hapa shule tuliiona kwa mbali."

Wakacheka, nami nikacheka. Nikaanza na kitu wanachokijua. Niliwauliza kama wanaukumbuka ugomvi wa mfereji wa juu, wa majirani wawili waliogombea zamu ya maji. Nani angeusahau? Msimu wa kwanza kila mmoja alibomoa majaruba ya mwenzake, wote wakakosa mavuno. Tukasema njaa itawapatanisha. Lakini mmoja alikuwa na mtoto Dar es Salaam, mwingine alikuwa na ndugu mfanyabiashara Mbalizi. Kila walipokosa mavuno, unga ulishushwa barabarani, na vibarua wakaja kujenga upya kilichobomolewa.

"Hasara haikuwafundisha," nikasema, "kwa sababu kuna mtu wa mbali aliyekuwa akiifidia."

"Mpaka leo hawaamkiani," akasema shemeji.

"Na aliyekatwa panga ni kibarua," kaka yake akaongeza. "Katoka Makete juzi tu, hata mfereji wenyewe hajui unaanzia wapi."

Dada akatazama mkeka.

Nikaendelea, maana ndivyo nilivyozoea: somo likianza, huliachi katikati. Nikaeleza kwamba katika vita vya Ukraine upande mmoja hupewa silaha na marafiki, za kutosha usianguke, si za kutosha ushinde. Upande wa pili nao una wanaonunua mafuta yake, una wanaouuzia risasi, na askari wakipungua hutafuta wengine, hata wa kutoka mbali.

"Lakini kaka," dada akasema, "wakifa wengi hivyo, si watachoka?"

"Swali zuri, dada." Ndivyo nilivyomjibu, kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono. "Wangechoka kama wanaokufa wangekuwa watoto wa wanaoamua. Halafu, aliyekwisha kupoteza wengi huona vigumu kuacha. Anasema akiacha, wale watakuwa wamekufa bure. Basi anaongeza wengine juu yao."

"Kwa hiyo msiba unaita msiba," akasema kaka mkubwa.

"Ndiyo."

"Vinaisha lini, Mwalimu?"

Dada aliinua uso. Nilijua anataka niseme nini, na nilijua kwamba wangeniamini.

"Sioni mwisho karibu," nikasema.

"Ahsante. Umetusaidia sana." Kaka mkubwa akawageukia wenzake. "Hatuwezi kumweka mama huyu matangani mpaka wakubwa wa dunia wapatane. Tuzike."

Hakuna aliyepinga. Shemeji alichukua panga, tukamfuata migombani nyuma ya nyumba. Alipochagua mgomba, dada akamshika mkono.

"Ng'oeni na mizizi yake."

Wazee wakatazamana. Wifi yake mmoja akamsogelea. "Wifi, ukizikwa na mizizi utachipua."

"Uchipue."

"Kaburi halichipui, mama," akasema kaka mkubwa kwa upole.

Shemeji akakata, juu kidogo ya udongo. Utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo. Sanda ilijaa madoa kabla hatujafika shimoni. Dada alirusha udongo alipoambiwa arushe, akasimama alipoambiwa asimame. Wanawake walipolia, yeye hakulia.

Tanga lilipoanuliwa nilijaribu kumtia moyo. Nikamwambia wapo waliotekwa wakarudi, kwamba vita vina mambo mengi, kwamba mtu asikate tamaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Pumzika, kaka," akasema. "Umeeleza vya kutosha."

Akafunga kanga kiunoni, akaenda shambani kuamia ndege. Nilibaki barazani na redio ya shemeji. Walitangaza kwamba upande mmoja umeahidiwa silaha mpya, na upande wa pili unaandikisha askari wapya. Kutoka majarubani nilimsikia dada akipiga debe na kuwapigia ndege kelele. Nikaizima redio.