Jina la Buffalo Ubaoni

"Hivi dada, mtunza kanisa wenu hajui kusoma?" jirani yangu Bi Wojcik aliniuliza Jumatatu ile, siku moja baada ya timu ya futiboli ya Kimarekani ya mji wetu, Buffalo, kufungwa na kutolewa. Anajua sana. Kila Januari huandika kwenye ubao wa nje, chini ya saa za ibada, majina ya timu zilizobaki kuwania ubingwa. Sanduku lake la herufi lina F moja tu, kwa hiyo ya pili ya Buffalo aliipata kwa kukata mguu wa E. Timu ikitolewa, hupanda ngazi na kubandua jina lake herufi moja moja kwa vidole vilivyopasuka kwa baridi, akizipuliza theluji kama anayepoza chai. Jumatatu hiyo nilimkuta juu ya ngazi akibandua jina la waliotufunga. Buffalo kaiacha. Mchungaji akatoka na koti begani.

"Mzee, shusha jina letu, watu wanatucheka. Tumetolewa."

"Uwanjani, ndiyo. Hapa ubaoni natoa mimi."

Mungu anisamehe, nilicheka. Mzee hata hakugeuka.

"Mchungaji," alisema, "naomba unishikie ngazi."