Kijia cha Baiskeli Mbili

Kati ya lami na mtaro, katika barabara inayotoka Kamakwa kuingia mjini Nyeri, palikuwa na kijia cha udongo ambacho hakikuchorwa na mhandisi yeyote. Kilifanywa na magurudumu ya baiskeli zetu, msimu hadi msimu, mpaka kikawa kigumu kama sakafu. Upana wake ulitosha baiskeli mbili sambamba, na kwa miaka mingi mbili hizo zilikuwa yangu na ya mke wangu: mimi nikienda chuoni ninakofundisha historia, yeye akienda shule ya msingi anakofundisha hesabu.

Katika mteremko wa kwenda mtoni hatukusemezana. Upepo ulichukua kila neno, na baridi ya Julai hufunga mdomo. Baada ya daraja ulianza mlima, nasi tulishuka na kuzisukuma baiskeli kwa mkono. Hapo ndipo tulipozungumza. Sidhani kama kuna jambo zito la nyumba yetu lililowahi kuamuliwa mezani. Shule ya binti yetu, upasuaji wa mama yangu, idadi ya mbuzi katika mahari ya mpwa wake: yote yalipimwa mlimani pale, pumzi zikikatika katikati ya sentensi.

Kisha pikipiki zikaja kijiani. Lami ilikuwa imebanwa na malori ya mawe, na waendesha bodaboda, watu wenye macho ya haraka, waliona kwamba kijia chetu hakina foleni. Kwanza walipita wakiomba radhi kwa honi fupi. Baadaye honi zikawa ndefu na ombi likawa amri. Tukaacha kwenda sambamba. Nikawa nazungumza na mgongo wa mke wangu. Asubuhi moja kreti ya mkate iliyofungwa nyuma ya pikipiki ilinasa usukani wake, naye akatumbukia mtaroni. Goti lilichubuka tu. Jioni aliiingiza baiskeli stoo, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukokotoa jibu lake, "Mimi kuanzia kesho napanda nduthi, pikipiki hizohizo."

Mwendeshaji aliyemchagua alikuwa na steji yake ya kungojea abiria huko Majengo, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Alimnunulia mke wangu kofia ngumu nyekundu, ya peke yake, asije akavaa ile inayovaliwa na kila abiria. Mke wangu aliitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, msumari ambao kwa muda wote wa ndoa yetu ulikuwa wa kofia yangu. Yangu niliikuta kitini. Niliiweka juu ya kabati.

Kila asubuhi walinipita mlimani nikisukuma peke yangu. Sikuwahi kumshuku uzinzi, na ningependa hilo lieleweke, maana wivu wa aina hiyo una dawa zake zinazojulikana. Niliyoyaonea wivu ni maneno. Nilisikia sauti yake ikikaribia nyuma yangu, sauti ya mtu aliye katikati ya habari. Kisha kicheko, kisha moshi. Habari yenyewe iliishia kileleni, mimi nisipokuwapo.

Siku moja nilikataa kupisha. Nilipanda baiskeli badala ya kuisukuma, nikashika katikati ya kijia, nikakanyaga pedali kwa mwendo wa kinyonga. Honi ikalia nyuma, nikaitambua: ya yule wa Majengo. Ikalia nyingine, na nyingine.

"Mzee, hii ni barabara ama ni shamba yako?" mmoja wa waliokwama nyuma yake alipaza sauti.

"Muache, ako na hati," mwenzake akadakia, akamtaja babu yangu kwa Kikuyu. "Ati guka yake ndiye alichimba hii mlima!"

"Baba watoto, tupishe," alisema mke wangu. "Niko zamu leo."

Sikupisha. Ndipo nikahisi kitu kikigusa keria, nyuma ya kiti changu. Mwendeshaji wake alikuwa ameegemeza mguu pale, namna wanavyosukumana wenyewe petroli inapokwisha.

"Shika sukani vizuri, mzee," alisema kwa upole ulioniudhi kuliko matusi. "Na usifunge breki."

Nikapanda mlima bila kukanyaga. Kwa mara ya kwanza tangu goti lile kuchubuka, mke wangu alikuwa karibu na bega langu mlimani, naye akazungumza, kama mazoea yetu yalivyomfunza.

"Nimepewa unaibu wa mwalimu mkuu," alisema. "Shule iko Naro Moru. Wanataka jibu mwisho wa mwezi."

"Tangu lini?"

"Wiki jana. Nilitaka kukuambia tukitulia."

"Ticha, si nilikuambia umwambie mapema?" alisema mwendeshaji.

Kwa hiyo alijua. Jambo kubwa kuliko yote tuliyowahi kupima lilikuwa limepandishwa mlima huu juma zima, likageuzwa huku na huku, na mtu mwingine. Hapo mlima ulikwisha. Mguu ukaondoka kwenye keria, nao wakapotelea mjini.

Kesho yake niliwasubiri darajani.

"Mshushe," nilisema. "Mlima huu tutautembea."

Mwendeshaji alimtazama mke wangu, si mimi. Mke wangu akashuka.

"Sawa, mzee. Lakini nangoja huko juu. Ticha asichelewe."

Tulipanda mmoja nyuma ya mwingine, pikipiki zikitupigia honi. Hakuivua ile kofia nyekundu, hivyo ilinibidi kuulizia mambo ya nyumba yangu kwa kelele, barabara nzima ikisikia. Alinieleza baridi ya kule, chumba ambacho angepanga, na jinsi ambavyo angerudi kila Ijumaa. Nilisikiliza, na wakati huohuo nikapiga hesabu yangu mwenyewe: Naro Moru ni mbali na steji ya Majengo. Mimi nitamkosa siku tano za juma, lakini na yule atamkosa zote tano, wala hana nyingine.

"Nenda!" nilisema.

Aligeuka, akainua kioo cha kofia. "Kumbe! Nilidhani utakataa." Akatazama juu, ambako injini ilikuwa ikiunguruma. "Hata yeye alisema niende."

Sasa huja Ijumaa jioni. Mimi huwa nimekwisha kufika anaposhukia gari mjini, baiskeli nimeiegemeza kwenye nguzo, na yule mwendeshaji huwa yupo pia, ndevu zimechongwa. Mke wangu hutusalimia sote. Humpa yeye begi na kofia aliyoondoka nayo Jumatatu, atangulie navyo, kisha hutembea nami kijiani akinisimulia ya juma zima, na mimi husikiliza nikiwaza juu ya lile begi, lilivyokaa kwenye pikipiki pale alipokuwa akikaa yeye. Tukifika nyumbani tunalikuta barazani, limewekwa kwa adabu, kofia nyekundu juu yake. Mke wangu huitundika msumarini. Yangu naiweka juu ya kabati.