Hina ya Harusini

Mama ana sukari, na miguu yake imekufa ganzi zamani. Kwa hivyo kila jioni nilimwomba aitoe niitazame kama ina vidonda. Naye akinijibu, "Kwani mimi punda wa kununuliwa, nikaguliwe kwato?"

Ilipofika harusi ya mjukuu wake, hapa hapa Kisauni, akatiwa hina miguuni, nzito, nyeusi, mpaka vifundoni. Wageni wakamsifu. Mimi pia nilimsifu.

Siku chache baadaye tulikuwa tukichagua mchele, nikasikia harufu. Nikatafuta panya aliyekufa, wapi! Nikafunua leso yake miguuni. Kidole gumba kimevimba, na chini yake tundu linatoka usaha. Ule weusi haukuwa hina peke yake.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla ya harusi. Hakiniumi. Na ningekwambia ungenizuia kwenda."

Wallahi nilitaka kupiga ukwenzi.

Hospitalini daktari, binti mdogo, alimwamkia shikamoo, akaingiza kijiti cha chuma kidondani taratibu. Mama akawa anamsimulia biriani ya harusi, eti mchele haukuiva. Kile chuma kikagonga kitu kigumu. Nilikisikia.

"Huo ni mfupa," daktari akasema. "Vijidudu vya kidonda vimeshaingia ndani."

Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umeliwa. Daktari akatueleza kwamba kidole kitakatwa, kipande cha mfupa kipimwe ijulikane ni vijidudu gani, kisha dawa kwa wiki nyingi, za mshipani na za kumeza, bila kuruka hata siku moja. Vinginevyo utafuata mguu mzima.

"Lakini hakiniumi, mwanangu," mama akamwambia.

"Ndio ubaya wake, bibi."

Mama akanigeukia. "Kweli amegonga mfupa wangu?"

"Amegonga, mama."

"Mbona sikuhisi?" Akaanza kulia, na hasira zangu sikujua nizipeleke wapi.

Mguu umebaki, alhamdulillahi. Hina imefifia, imesalia kwenye kucha, na mguu ule kucha ni nne. Siku hizi jioni hutoa miguu kabla sijasema neno, kanuna. "Haya, mkague punda wako."

Nami hukagua, kidole kwa kidole, na roho bado inanichemka. Angeniondokea huyu, kwa ajili ya sahani ya biriani ambayo haikuiva.