Maoni ya Penseli

Ndugu wasomaji, mimi niliondoka mtaani kwetu Makorora na begi moja, nikarudi na stashahada niliyojilipia mwenyewe. Kwa hiyo kikundi cha wasomaji wa Usagara kilipotafuta kiongozi, nilijiona nimeshapita.

Sisi wagombea tulipangiwa kuchambua kitabu cha falsafa juu ya mwanamke na nyumba. Nilinunua nakala ya mtumba. Kilinishinda mapema, lakini pembeni pa kurasa palijaa maoni ya penseli, hayana jina. Nikayanakili yote kwenye karatasi.

Siku ya kikao nikasimama, nikasoma kwa mbwembwe: "Mwandishi anasifu kazi za nyumbani kwa sababu hajawahi kusugua sufuria."

Wakapiga makofi. Nikaongeza kasi: "Anasema vizuri, ila hasikilizi. Kama mume wangu."

Bi Mwanahawa, mwalimu mstaafu aliyesimamia uchaguzi, akavua miwani.

"Mume wako yupi, mwanangu? Huyo alikuwa wangu, Mungu amrehemu. Na penseli hiyo ni yangu."

Watu wakaangua kicheko. Nikataka kutoka, akanishika mkono.

"Kaa. Kitabu hicho nilikiuza nikidhani hakuna atakayejali nilichoandika. Uongozi huupati, lakini kesho njoo kwangu tukisome pamoja. Marehemu tumwache apumzike."