Kufuli la Mbilikimo

Nimeshawahi kuona mwanaume mzima, mwenye mvi na wajukuu wawili, akilia kwa kwikwi kwa sababu kizibo cha soda kimedondoka kwenye boksi.

Hakuwa amelewa. Hata soda yenyewe hakuinywa.

Na aliyekidondosha kizibo hicho ni mimi. Nilikidondosha makusudi, baada ya kujipanga kwa wiki sita nzima.

Tulieni niwaeleze, maana najua wengine mtaniita mchawi.

Nilikuwa karani kwenye kampuni ya mafundi lifti. Kazi yangu ilikuwa simu na daftari: nani katoka, kaenda jengo gani, karudi saa ngapi. Mafundi waliniita Dada Mkubwa kwa sababu mdogo wangu wa pekee alikuwa mmoja wao.

Alikuwa.

Kila Jumamosi mchana, kazi ikiisha, tulikuwa tunakaa karakana kucheza mchezo wa mashujaa. Mdogo wangu ndiye aliyetuletea. Mtu mmoja anakuwa msimulizi, anatunga nchi, mapango, majoka na mitego. Wengine kila mmoja ana shujaa wake. Unasema shujaa wako anafanya nini, unarusha dadu ya pande ishirini, dadu inaamua umefaulu au yamekukuta.

Mashujaa wetu walikuwa vizibo vya soda vilivyopakwa rangi.

Msimulizi alikuwa mdogo wangu. Alipofariki nikarithi dadu zake, nikashika kiti chake.

Wachezaji walikuwa watatu. Mkuu, fundi mkuu wa kikosi, alicheza mpiganaji wa upanga. Winchi, jamaa la miraba minne, alicheza mchawi kwa sababu alipenda kurusha moto ovyo. Wa tatu ni Padri, mwenye mvi zake na wajukuu wawili. Wala si padri, ni upole wake tu. Yeye alicheza mwizi, hodari wa kufungua milango ya watu.

Majivuno yao sasa, utacheka!

"Dada Mkubwa, tuletee joka lenye meno bwana," Winchi alikuwa anasema. "La juzi lilikuwa kuku."

Kweli, joka la vichwa vitatu walilimaliza kabla chai haijapoa. Nikiuliza, "Mmekagua mlango?" wanajibu kwa pamoja, "Tushakagua, twende!" Hawajakagua chochote. Miaka miwili hakuna shujaa wao hata mmoja aliyekufa, wakajiona wao na kifo ni marafiki.

Mdogo wangu alikufa ndani ya shimo la lifti. Mchana kweupe, saa nane na dakika ishirini na tano. Lifti iliwashwa yeye akiwa chini.

Sasa elewa jambo moja. Fundi akiingia shimoni, anaifunga swichi kuu kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo anautia mfukoni. Mpaka atoke alifungue kwa mkono wake, umeme hauwaki. Mwingine haligusi hata kama jengo linaungua. Wenyewe husema kufuli la mtu ni roho yake.

Ripoti ikasema: marehemu hakuweka kufuli.

Sahihi tatu. Mkuu, Winchi, Padri.

Kilichoniua mimi ni mama. Siku ya msiba alisimama, mama wa watu, akawaomba radhi mafundi kwa uzembe wa mwanawe. Aliwaomba radhi! Mwaka mzima akawa anasema, "Mtoto wangu nilimdekeza, ndiyo maana." Kulia hakulia. Mtu anayeona aibu hata kulia anajinyima.

Mimi nilikuwa na jambo linanikereketa. Vitu vya marehemu nilikabidhiwa kwenye mfuko: buti, saa iliyopasuka, kitambulisho na ufunguo mdogo wa kufuli uliotolewa mfukoni mwake. Kufuli lenyewe halimo. Nikatafuta kwenye kabati lake, kwenye boksi lake la vifaa, wapi.

Kama hakuliweka, liko wapi?

Nilimuuliza Mkuu. Akasema, "Vitu hupotea, dada," akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Nikamwambia mama, "Nitakuletea ukweli."

"Ukweli upi tena, mwanangu?"

Nikachukua mkoba wangu, nikaondoka.

Kuwauliza tena ana kwa ana ilikuwa kujichosha bure, walishakula kiapo. Lakini nilikuwa nimekaa nao meza moja miaka miwili na niliwajua. Mtu akiwa na dadu mkononi hafikirii uongo. Anafanya kile ambacho mkono wake umekizoea.

Nikatunga mnara.

Ilikuwa Jumamosi kama nyingine. Nje jua kali, ndani harufu ya grisi. Nikaweka boksi refu la vipuri katikati ya meza, nikalitoboa juu.

"Mko juu ya mnara wa jitu," nikaanza. "Jitu linapanda ngazi, linakuja. Njia ya kutoka ni moja. Kuna ndoo kubwa ya chuma, inavutwa na gurudumu kutoka chini kabisa ya shimo. Ikipanda mnaingia, mnavuka. Lakini gurudumu limefungwa kwa kufuli."

"La nani?" Padri akauliza.

"La mbilikimo mmoja mchimbaji. Alishuka asubuhi kusafisha shimo."

Nikakiweka kizibo cha njano kwenye ukingo wa boksi. Padri akakitazama kile kizibo kuliko ilivyohitajika. Mwenzake Winchi hata hakuona, alishaanza kutikisa dadu.

"Acha nilichome hilo jitu, tusisumbuane."

"Moto haulishiki. Ngozi yake ni jiwe. Mnazisikia hatua zake."

Nikagonga meza. Du. Du. Du.

"Mita kumi," nikasema.

Mkuu akakunja mikono yake kifuani, kama anavyofanya kazini. "Tulia. Padri, muulize mwenye daftari kama huyo mbilikimo keshatoka."

Jamani, daftari!

Kwenye mnara wangu kulikuwa na jitu, ndoo, gurudumu na kufuli. Daftari sikuwa nimelitaja popote. Nilikuwa nimewategea kwenye kufuli tu.

Nikaacha liende.

"Mwenye daftari anafungua ukurasa," nikasema polepole.

"Limeandikwaje?" Winchi akadakia.

"Limeandikwa katoka."

"Kwisha kazi! Kata kufuli, twende zetu!"

"Mmekagua shimo?" nikauliza. "Mmeita jina lake?"

"Tushakagua!" wakajibu wawili, Mkuu na Winchi.

Padri alikuwa ameshika dadu, jasho linamtoka puani. "Mkuu," akasema, "tuite kwanza hata mara moja."

"Kata bwana, daftari limeshasema!"

Padri akarusha. Kumi na tisa. Winchi akapiga makofi.

"Kufuli limekatika," nikasema. "Gurudumu linazunguka. Ndoo inapanda. Halafu kuna sauti."

"Sauti gani?"

"Mnaijua."

Nikakisukuma kizibo cha njano kwa kidole. Kikadondoka ndani ya boksi, kikagonga chini.

"Mbilikimo alikuwa bado yumo."

Hapo ndipo Padri alipoangua kilio. Si cha machozi mawili matatu, kile cha mtu aliyefiwa leo. Winchi akasimama, kiti kikaanguka. "Huu si mchezo, dada! Umetuchezea!"

"Ndiyo, nimewachezea. Kaa chini. Nani alilikata kufuli la mdogo wangu?"

Padri akainua mkono wake wa kulia.

"Mimi," akasema Padri. "Kwa mkono wangu huu. Mkasi wa chuma, mara moja tu. Nikalitupa kwenye pipa la takataka. Kila siku nalisikia linavyokatika."

Nilitegemea nitafurahi. Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo mwaka mzima, nimeiota, nimeiombea. Sikusikia furaha yoyote, nilisikia hasira tu.

"Na hilo daftari?" nikasema. "Sikuwa nalo kwenye hadithi yangu, nyie ndio mmelileta. Nani aliwaambia katoka?"

Padri akamtazama Mkuu. Mkuu akatazama meza.

"Dada Mkubwa, umeshinda. Ishia hapo."

"Nani?"

"Nakuomba kama mdogo wangu. Ishia hapo."

"Nasema nani!"

Akasukuma dadu pembeni. "Tulipiga simu ofisini. Wateja wanapiga kelele, kufuli bado lipo, yeye hatumwoni. Wewe ulikuwa umeenda kula. Aliyepokea akatusomea daftari. Limeandikwa karudi saa nane kamili." Akaninyooshea kidole. "Mwandiko wako."

Nikaukumbuka ule mstari.

Asubuhi ile mdogo wangu alikuja dirishani kwangu, anacheka kama kawaida yake. Mkewe alikuwa na kliniki, ujauzito wa kwanza, na bosi hatoi ruhusa. "Dada, nikimaliza nitapitiliza hospitali. Niandikie nimerudi saa nane, basi." Nikamwambia, wewe utanifukuzisha kazi. Akasema, "Ndiyo faida ya kuwa na dada."

Nikaandika kabla ya kwenda kula, nisije nikasahau. Karudi, saa nane kamili. Muda huo yeye alikuwa shimoni bado, anahangaika na bolti iliyogoma.

Msinione mjinga kwamba sikuunganisha. Ripoti ilisema hakukuwa na kufuli. Kama kufuli hakuna, kilichoandikwa kwenye daftari langu hakikuhusika na kifo chake. Na hata nilipoanza kuitilia shaka ripoti, sikujua kuna aliyesomewa daftari kabla ya kukata. Niliporudi kutoka msibani nilikuta daftari jipya mezani, nikajua la zamani limejaa.

"Ule ukurasa niliuchana mimi," Mkuu akasema. "Tungesema kufuli lilikuwepo, wangeuliza lilikatwa kwa nini. Wangefika kwenye daftari, wangefika kwako. Mama yenu kazika mmoja. Angebaki na nani?"

"Na wangefika kwenu pia."

"Na kwetu pia. Sikatai."

Kwa mara ya kwanza nilimwona kazeeka.

Mwaka mzima nilikuwa namwinda aliyemuua mdogo wangu. Niliwashinda akili wanaume watatu waliokuwa wanajiona hawashindiki. Nilipofungua mlango wa mwisho nikajikuta nimekaa ndani.

Ningeweza kunyamaza, wenzangu walikuwa tayari kunyamaza nami mpaka kaburini. Lakini mama alikuwa bado anaomba radhi mtaani kwa kosa lisilo la mwanawe.

Kesho yake nilimkuta anakunja nguo za mjukuu wake. Nikapiga magoti.

"Mama, kufuli aliweka. Lilikatwa. Na lilikatwa kwa sababu mimi niliandika karudi, na alikuwa hajarudi."

Akamaliza kukunja kigauni alichokuwa nacho. Akakiweka juu ya vingine.

"Kwa hiyo hakuwa mzembe?"

"Hakuwa, mama."

Akalia. Alilia kile kilio chote alichojinyima mwaka mzima, anamwita mwanawe kwa majina ya utotoni. Nikanyoosha mkono nimshike. Akausogeza pembeni, taratibu, bila ubaya.

"Nenda kwanza," akasema. "Nitakuita."

Ripoti imeandikwa upya, na majina yetu sote wanne yamo. Padri ameacha ufundi. Mimi kazi sina, na sijamlaumu mtu.

Mama huu ni mwezi wa tano hajaniita. Simu yangu siizimi, hata kuoga naingia nayo.

Najua mtakachosema: mchimba kisima huingia mwenyewe. Sawa, nimeingia. Lakini ninachotaka mkibebe ni kingine. Wewe unayeshika daftari popote pale, la kazini, la shule, la wagonjwa, ndugu yako akikuomba umwandikie jambo ambalo bado halijatokea, mkatalie. Hata kama ni la wema, hata kama ni la nusu saa tu. Agombane na wewe, anune, akuseme kwa ukoo mzima.

Natamani mdogo wangu angekuwa hai leo, anazunguka mtaani kunitangaza kwamba nina roho mbaya.