Kisahani cha Baa ya Kona

Leo nikitoka kazini nimesikia harufu ya kitunguu saumu kikikaangwa kwa mafuta ya zeituni, nikaingia. Ni baa ileile ya Wahispania, kwenye kona ya mtaa hapa Edmonton, ughaibuni, ambako mama alinipeleka nilipokuwa mdogo.

Sina hakika nakumbuka yote sawasawa. Mama aliagiza soda mbili tu, na mwenye baa, mama mmoja mnene mwenye kicheko, akatusogezea kisahani cha udongo chenye kimanda cha viazi. Kilichobaki mama aliomba tuondoke nacho, pamoja na kisahani. Jumapili iliyofuata tukakirudisha kimejaa mandazi, bado ya moto chini ya kitambaa.

Mwenye baa alishangaa, akaeleza kwa lugha ambayo mama hakuijua. Nikamtafsiria mama: "Anasema hapa kinywaji huja na kisahani. Ni desturi yao, hudaiwi kitu."

"Mwambie na sisi desturi yetu ndiyo hii," mama akasema. "Sahani ya watu nitairudishaje tupu, kama mtu asiye na kwao?"

Nilipomtafsiria, mwenye baa alicheka hadi akafuta machozi, akala mandazi mawili papo hapo, akakijaza kisahani tena. Tangu hapo kisahani kikawa kinakwenda na kurudi, hakuna aliyekubali kuwa wa mwisho kupokea.

Leo kijana wa kaunta, mpole tu, sina la kumlaumu, amenisogezea kisahani kama kile. Nimekula chote, nikapangusa mafuta kwa mkate. Nikajiambia siku hizi watu hawafanyi mambo yale. Kisha nimekiacha tupu juu ya kaunta, nikatoka upesi, na hadi kituo cha basi sikugeuka nyuma.